Sarajevo kwa mikono yako: mwongozo kamili wa kuchora, kugonga shaba na kuchonga mbao

Wengi wanaoenda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, siku hizi, hasa ndugu zetu walioko Ujerumani, Austria na Uholanzi, wanaenda na lengo zuri kabisa: nitachora, nitakaa na mafundi, nitajifunza kitu. Wanarudi na picha mia nne za njiwa pale Sebilj (chemchemi maarufu ya mji mkongwe), sumaku ya friji, na dele la kahawa ambalo hata sio shaba. Ukiuliza vipi mafundi, jibu ni lile lile, "walikuwa bize, hawakutaka". Sio kwamba hawakutaka. Ulifika saa sita mchana mwezi wa nane ukasimama mlangoni na simu mkononi.

Mwongozo huu ni wa siku nne hadi tano. Lengo ni moja tu: urudi na kitu kimoja ulichokitengeneza mwenyewe na daftari lenye michoro. Historia ya mji sitaisimulia, utaikuta kila kona.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Daftari la kuchorea saizi A5, karatasi nene ya gramu 200 kwenda juu. Nyembamba inajikunja ukitia rangi ya maji.
- Kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, penseli moja laini, kifutio.
- Kiboksi kidogo cha rangi za maji, na brashi yenye tangi lake la maji.
- Sumaku ndogo. Ndio, sumaku, kazi yake iko hatua ya 5.
- Viziba masikio. Mtaa wa wafua shaba hauna utani.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Mji uko bondeni na mitaa ya pembeni imesimama kama ukuta, mawe yakilowa yanateleza vibaya.
- Kitambaa cha kujifunika kwa akina dada, na nguo ya heshima kwa wote, kama mtaingia misikitini.
- Adapta ya umeme kwa mnaotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kule ni tundu mbili za duara kama Ujerumani.
- Mchoro wowote wa nakshi za kwetu, umeuprinti au umeunakili kwa mkono: ua la mlango wa Lamu, pembe ya mlango wa Zanzibar, chochote chenye mistari iliyo wazi. Huu ndo utakaokufungulia milango.

Hatua ya 1: Chagua mwezi vizuri

Nenda mwisho wa Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Sababu ya kwanza ni mwanga, kuchora nje kunahitaji usione baridi vidoleni. Sababu ya pili ni mafundi wenyewe, miezi hiyo wana muda.

Agosti kuna tamasha la filamu la Sarajevo, lililoanza 1995 mji ukiwa bado umezingirwa vitani. Ukienda kwa ajili ya filamu ni sawa kabisa, ila vyumba vinajaa na bei zinapanda, na Baščaršija, yaani mji mkongwe, unakuwa umejaa watu bega kwa bega. Desemba na Januari ukungu na moshi vinakwama bondeni, hewa inakuwa mbaya sana na ndege zinaahirishwa au zinatua mji mwingine. Mwenye pumu asijaribu miezi hiyo.

Ramadhani nayo ina raha yake. Jioni mzinga unapigwa kutoka ngome ya Žuta tabija kutangaza futari, watu wanapanda kule na mikate yao ya somun wakisubiri. Ila mchana baadhi ya mafundi wanafungua kwa kuchelewa, panga kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 2: Makaratasi, hela na simu

Bosnia haiko ndani ya Umoja wa Ulaya wala Schengen. Watu wanakosea hapa kila siku.

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza. Lakini wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, au viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, wana nafasi ya kuingia kwa muda mfupi bila viza ya Bosnia. Soma masharti kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla hujalipia ndege, sheria hizi zinabadilika na mtu wa kaunta hatakuonea huruma. Na kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda Sarajevo umetoka, kurudi Ujerumani itakuwa kesi nyingine.

Mgeni anatakiwa asajiliwe mahali anapolala. Hoteli wanafanya wenyewe. Ukipanga nyumba ya mtu, muulize siku ile ile unayofika kama amekusajili, usione aibu.

Hela yao inaitwa marka, inaandikwa KM, imefungwa kwenye euro: euro 1 ni KM 1.95583, kwa hiyo kichwani we gawa kwa mbili yatosha. Beba keshi, na beba noti ndogo. Fundi mzee hana mashine ya kadi, na ukimpa noti ya mia kwa kitu cha kumi asubuhi umemharibia siku.

Laini ya simu ya Ulaya haitumiki kule kwa bei ya nyumbani. Zima data kabla ndege haijatua, pakua ramani ya kutumia bila mtandao, alafu nunua laini ya kule.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza usinunue kitu, chora tu

Lala ndani au karibu na Baščaršija. Ukilala Ilidža, kitongoji cha pembeni, kwa sababu ni rahisi, utapoteza muda mwingi kwenye tramu namba 3, ingawa ni tramu nzuri na inakwenda moja kwa moja mpaka mji mkongwe. Tiketi nunua kwenye kibanda kabla ya kupanda, na ukishapanda ihakikishe kwenye mashine. Wakaguzi wapo na faini ipo, "mimi mgeni" sio kinga.

Asubuhi anza mtaa wa Ferhadija. Katikati ya mtaa kuna mstari uliowekwa chini kwenye sakafu ya mawe, na maandishi ya kwamba hapa tamaduni zinakutana. Simama juu yake. Ukitazama mashariki ni vibanda vya chini vya mbao na vigae, minara ya misikiti, ni mji wa Waothmani. Ukigeuka magharibi ni maghorofa ya Waaustria, madirisha marefu, mapambo ya plasta. Fungua daftari kurasa mbili, ukurasa wa kushoto chora upande mmoja na wa kulia upande wa pili, dakika ishirini kila mmoja, usifute.

Kwa nini zoezi hili ndo la kwanza? Kwa sababu linakulazimisha kuona maumbo badala ya kutafuta "sehemu nzuri". Anayeanzia Sebilj anachora chemchemi ile ile iliyoko kwenye kila postikadi, na anakata tamaa maana kuba lake ni gumu kweli kweli.

Baada ya hapo ingia ua wa msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karibu 1530. Nje ya nyakati za swala wageni wanaruhusiwa, kuna kiingilio kidogo. Kaa pembeni, chora birika la kutawadhia lenye paa lake. Usichore wala kupiga picha watu wakiswali.

Jirani hapo uko mnara wa saa, Sahat-kula. Utaona wageni wanaangalia juu, wanaangalia simu, wanacheka kwamba saa imekufa. Haijakufa. Inahesabu kuanzia machweo, jua likizama mishale inasoma kumi na mbili, na yupo mtu kazi yake ni kuirekebisha jinsi siku zinavyorefuka na kufupika. Mswahili hahitaji kuelezwa mara mbili, magharibi ni saa kumi na mbili, kwisha. Ni raha kidogo kuwa mtu pekee kwenye kundi la watalii anayeielewa ile saa.

Tahadhari moja: kwenye lami na mawe ya mji utaona madoa mekundu yenye umbo kama la ua. Ni makovu ya makombora ya miaka ya 1992 hadi 1996, yamejazwa utomvu mwekundu pale walipokufa watu. Usiweke kiti chako wala mkoba juu yake.

Ukifika jioni una kurasa nne au tano mbaya mbaya hivi na haujanunua chochote, uko sawasawa.

Hatua ya 4: Jifunze kahawa kabla ya kumfuata fundi

Usiruke hatua hii. Biashara yote ya mtaa wa shaba imejengwa juu ya kahawa, na fundi anajua haraka kama unajua dele ni la nini.

Agiza bosanska kahva, sio espreso. Utaletewa sinia dogo la shaba lenye dele la mpini mrefu, kifinjani kisicho na mkono, vipande vya sukari na kipande cha lokum (kitamutamu laini). Kahawa imepikwa na unga wake humo humo. Koroga povu la juu kidogo, chota povu utie kwenye kifinjani, alafu mimina taratibu ili machicha yabaki chini. Sukari haitiwi ndani: unachovya ncha ya kipande, unang'ata, unapiga funda. Ni mantiki ile ile ya kahawa chungu na kashata pale baraza la pwani, chungu kwenye kikombe, tamu mdomoni.

Usiharakishe. Anayemaliza kwa dakika tano na kuomba bili anaonekana kama mtu mwenye msiba. Chora lile sinia wakati unakunywa, lina maumbo yote utakayoyakuta kesho dukani: duara, shingo, mpini, kifuniko.

Hatua ya 5: Kazandžiluk, mtaa wa wafua shaba

Hapa ndo watu wanafeli, kwa hiyo nitakaa sana.

*Muda.* Fika asubuhi, kama saa tatu hadi nne, siku ya kazi. Makundi ya watalii hayajashuka kwenye mabasi. Fundi ameshakunywa kahawa yake na hajachoka kujibu maswali.

*Tafuta mlio.* Maduka ni mengi ila wanaogonga ni wachache. Tembea mtaa mzima bila kuingia popote, sikiliza. Kule nyundo inakolia, na sakafuni kuna vipande vya shaba, ndo kwa kurudi. Duka lenye vitu vinavyofanana vyote, vinang'aa kama jana vimetoka kwenye boksi, lipite.

*Sumaku.* Shaba haishikwi na sumaku. Dele likikamata sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Fanya kwa adabu, usimfanyie mtu mbele ya wateja wake kama polisi. Halafu angalia ndani: dele la kupikia lazima liwe na rangi ya fedha ndani, hiyo ni bati, inazuia shaba isiingie kwenye unachokunywa. Shaba tupu ndani ni pambo tu, usilipikie.

*Namna ya kuingia.* Salimia kwanza: "Dobar dan". Nunua kitu kidogo, hata kama ni kisahani. Kisha toa daftari, muonyeshe ulichochora jana, alafu toa ule mchoro wa mlango wa Lamu. Usiseme kitu kwa sekunde chache. Mtu anayeishi kwa kuchonga maua na matawi kwenye shaba hawezi kuuangalia mchoro ule akabaki amenyamaza, atauliza tu umetoka wapi. Sasa uliza: "Mogu li probati?", naweza kujaribu? Na papo hapo: "Koliko košta?", ni bei gani. Kulipia muda wake sio tusi, kuomba bure ndo tusi. Mafundi wengi wakubwa wanajua Kijerumani kwa sababu waliishi kule, kwa hiyo wa Hamburg na München mna faida. Vijana wengi wanajua Kiingereza.

Akikataa, shukuru, "Hvala", nenda kwa mwingine. Ukikosa kabisa, ofisi za watalii za pale pale mji mkongwe zinaweza kukupangia darasa fupi, lipo ghali kidogo ila lina uhakika.

Usianze kwa kumuuliza habari za vita. Akitaka ataongea mwenyewe, na kama hataki haikuhusu.

*Kugonga kwenyewe.* Chagua kisahani bapa cha upana wa kiganja. Sio dele, uso wa mviringo unamshinda anayeanza. Chora kwa penseli au kalamu ya wino mstari mmoja wa mduara na ua la petali sita, basi. Mlango mzima wa Lamu acha kwa safari nyingine.

Tindo lishike kwa vidole vitatu, limelala kidogo, lisisimame wima. Wima linatoboa, likilala sana linateleza na kukuachia mkwaruzo usiofutika. Gonga mdogo mdogo na haraka, tindo litembee lenyewe. Macho yawe kwenye ncha ya tindo, sio kwenye kichwa chake. Kila anayeanza anaangalia pale nyundo inapopiga kwa kuogopa kidole, na mstari wake unakwenda kama mlevi. Nyundo itajua njia baada ya dakika kumi. Kwenye kona geuza sahani, usigeuze mkono.

Shaba ikigongwa sana inakuwa ngumu na inakunja kingo. Ikianza kupinda mpe fundi aisawazishe, usijaribu kuirudisha kwa nguvu.

Utajua umefanikiwa ukipitisha kidole juu ya mstari ukahisi kina kinacholingana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Uzuri wa ua haujalishi. Kina kikilingana, fundi mwenyewe atatikisa kichwa cha kukubali, na hapo ndo muda wa kununua dele la kweli kutoka kwake kama unalitaka.

Hatua ya 6: Panda Trebević ukachore saruji

Mikono itauma, kesho yake pumzisha. Chukua gari la waya linalopanda mlima Trebević, limerudi kazini Aprili 2018 baada ya kuharibiwa vitani. Juu, mwendo mfupi wa miguu, kuna njia ya bobu (mashindano ya kuteleza na sleji kwenye barafu) ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1984, mfereji mrefu wa saruji unaozunguka msituni, umejaa grafiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukuta unabadilika kila msimu kwa sababu wachoraji wanapaka juu ya wenzao.

Fanya hivi: chagua kona moja, kaa ndani ya mfereji, chora mkunjo wa saruji kwanza kwa penseli, rangi za grafiti zifuate kwa rangi ya maji bila kujali mistari. Ukianza na herufi za grafiti utapotea.

Onyo, na hili silitanii: usitoke nje ya njia. Milima inayozunguka Sarajevo iliwekwa mabomu ya ardhini wakati wa vita na sio pote pamesafishwa. Lami na njia zenye alama tu. Hata kujisaidia, sio vichakani.

Jioni shuka, na kabla jua halijazama panda Žuta tabija kwa mguu kupitia Kovači. Utapita makaburi meupe ya mashahidi waliokufa vitani, punguza sauti. Juu unaona mji wote umejipanga kwenye mto Miljacka. Chora paa tu, dakika kumi na tano, mwanga haungoji mtu.

Hatua ya 7: Konjic, siku ya mbao

Konjic ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Sarajevo, kwenye reli ya kwenda Mostar. Treni ni chache kwa siku, kwa hiyo ya kurudi iulizie kabla ya kwenda, au urudi na basi. Kaa dirishani, reli inashuka mlimani kwa mizunguko na mahandaki, daftari lisiwe kwenye begi.

Uchongaji mbao wa Konjic uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika 2017. Karakana ni za kifamilia, vizazi na vizazi, na baadhi zina chumba cha maonyesho. Tuma ujumbe siku kadhaa kabla, uombe kutembelea na kujaribu. Huku sio kama Kazandžiluk, ukifika bila taarifa utakuta watu wako kwenye oda za meza na viti.

Ukipewa patasi, mambo mawili. Mkono usioshika mpini ukae nyuma ya makali siku zote, kamwe mbele. Na kata kufuata uzi wa mbao, ukikata kinyume inapasuka kipande na kazi ya fundi ya asubuhi umeiua. Mtu aliyewahi kukaa na wachonga milango wa Unguja au na Wamakonde ataona haraka kwamba mkono ni ule ule ila nakshi ni nyingine.

Ukibakiwa na muda vuka daraja la mawe la mto Neretva. La kwanza lilijengwa 1682, likalipuliwa 1945, hili lilikamilishwa upya 2009. Na kwa wapenda sanaa ya kisasa, nje kidogo ya mji liko handaki la siri la Tito, aliyekuwa kiongozi wa Yugoslavia, linaitwa ARK D-0, lililojengwa kuanzia 1953 mpaka 1979 kwa hofu ya nyuklia, ambalo sasa kazi za wasanii zimo humo humo kati ya vitanda na simu za kijeshi. Huingii peke yako, ni kwa ziara iliyopangwa, na ndani ni baridi hata Julai.

Hatua ya 8: Usiku mmoja wa sevdah

Nenda mchana Art kuća sevdaha, makumbusho madogo ya sevdah, nyimbo za jadi za Bosnia za mapenzi na huzuni, ndani ya mji mkongwe, usikilize waimbaji Himzo Polovina na Safet Isović upate sikio. Usiku tafuta sehemu yenye kodiani au saz (ala ya nyuzi), uliza hotelini nani anaimba leo. Wimbo ukianza, nyamaza. Kurekodi omba kwanza. Chora mikono ya mpigaji, sio uso, mikono haikasiriki.

Hatua ya 9: Kufunga mzigo

Watu wanapoteza vitu vyao uwanja wa ndege kwa uzembe.

Maganda ya risasi na makombora yaliyochongwa nakshi yanauzwa kila duka, na kalamu za risasi. Yaache. Hata yakiwa matupu, ukaguzi wa uwanja unaweza kuyazuia na ukajikuta unajieleza chumbani, na nchi unayounganishia ndege inaweza kuwa kali zaidi.

Patasi na tindo kama umenunua, begi la chini, sio la mkononi. Dele lijaze soksi ndani lisibonyee. Kisahani chako kifunge kwenye karatasi kavu, jasho la vidole linaacha madoa kwenye shaba mpya. Ukifika nyumbani kisugue kwa limau na chumvi upande wa nje tu, suuza, kausha hapo hapo. Ndani ya dele usiguse kwa limau wala steelwire, bati ni jembamba, na likiisha itabidi utafute fundi wa kulipaka upya, ambaye Dar au Mombasa bado yupo ukiuliza vizuri.